Spika na naibu wake: Namna wabunge na madiwani wanavyompendekeza mwenzao kushika kiti

Baada ya kiapo, kazi ya kwanza ya kila bunge jipya nchini Kenya huwa ni kumtafuta mtu wa kuketi mbele na kuamua nani aseme, aseme lini na anyamaze lini. Bajeti husubiri, miswada husubiri, na hata kamati haziwezi kuundwa mpaka kiti hicho kipate mwenyewe. Kwa sababu hiyo, sahihi ya mbunge au diwani kwenye fomu ya kumpendekeza mtu awe Spika ni miongoni mwa maamuzi mazito anayoyafanya katika kipindi chake chote, ijapokuwa huifanya katika saa za mwanzo kabisa, kabla hajauzoea ukumbi.

Katika Kaunti ya Wajir na eneo zima la Kaskazini Mashariki, uamuzi huo una uzito wa ziada. Ushindani wa viti vya ubunge katika uchaguzi wa mwaka 1992 ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea mapigano ya koo yaliyoitikisa Wajir mwanzoni mwa miaka ya tisini, hadi wazee walipokutana na kutoa Azimio la Al-Fatah mwaka 1993. Kina mama, akiwemo mpatanishi Dekha Ibrahim Abdi aliyefariki mwaka 2011, walikuwa na mchango mkubwa katika suluhu hiyo. Tangu wakati huo, suala la nani aongoze na nani aketi wapi limekuwa likizungumzwa kwa hadhari, kwa kuwa watu wanakumbuka gharama yake.

Makala haya yanaeleza utaratibu unaofuatwa, mipaka yake katika Katiba, na mambo yaliyojitokeza pale utaratibu huo ulipojaribiwa.

Spika hawezi kuwa mbunge

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba, chini ya Katiba ya mwaka 2010, mbunge hawezi kuwa Spika huku akibaki na kiti chake. Kifungu cha 106 kinasema kuwa Spika wa kila bunge huchaguliwa miongoni mwa watu waliotimiza masharti ya kuchaguliwa kuwa wabunge, lakini ambao si wabunge. Kifungu cha 178 kinaweka sharti kama hilo kwa mabunge ya kaunti: Spika huchaguliwa na madiwani kutoka nje ya safu zao, kisha anakuwa mjumbe wa bunge hilo kwa mujibu wa wadhifa wake.

Hali haikuwa hivyo awali. Katiba ya zamani iliruhusu Spika achaguliwe ama miongoni mwa wabunge ama miongoni mwa watu wengine waliostahili kuwa wabunge, na aliyekuwa na kiti akakiacha mara tu aliposhinda. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kenneth Marende. Alichaguliwa mbunge wa Emuhaya Desemba 2007, akawa Spika Januari 15, 2008, na wakazi wa Emuhaya wakalazimika kurudi debeni Juni mwaka huo kumchagua mbunge mwingine.

Sharti la sasa limebadilisha maana ya kumpendekeza mwenzako. Anayemtaka mwenziwe awe Spika humtaka pia aache kiti alichokipigania, na huwataka wapigakura wa mwenziwe warudi kituoni. Moses Wetang'ula alikuwa amechaguliwa seneta wa Bungoma Agosti 2022 alipoamua kuuacha useneta ili awanie uspika wa Bunge la Kitaifa. Alishinda Septemba 8, 2022, na uchaguzi mdogo wa Bungoma ukafanyika Desemba 8 mwaka uo huo. Nafasi inapotokea hivyo bungeni, Katiba inaitaka Tume ya Uchaguzi ipewe taarifa katika muda wa siku 21 na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90.

Kwa hiyo vyama vingi huona ni nafuu kumpendekeza mtu ambaye tayari yuko nje. Justin Muturi, Spika kuanzia 2013 hadi 2022, alikuwa mbunge wa zamani wa Siakago. Ekwee Ethuro, Spika wa kwanza wa Seneti chini ya Katiba mpya, alikuwa mbunge wa zamani wa Turkana ya Kati. Kenneth Lusaka aliyemfuata mwaka 2017 alikuwa ametoka katika ugavana wa Bungoma, na Amason Kingi aliyechaguliwa mwaka 2022 alikuwa amemaliza mihula yake ya ugavana katika Kaunti ya Kilifi.

Hatua za uteuzi

Utaratibu wenyewe umo katika Kanuni za Kudumu. Katika Bunge la Kitaifa, anayetaka kuwania uspika huchukua fomu kwa Karani wa Bunge na kuirejesha angalau saa 48 kabla ya kikao cha uchaguzi. Fomu hiyo hubeba majina na sahihi za wabunge wawili wanaomuunga mkono, pamoja na tamko la mwaniaji mwenyewe kuwa yuko tayari kutumikia wadhifa huo na kwamba ametimiza masharti.

Sahihi mbili ni kiwango cha chini mno, na matokeo yake ni kwamba majina huwa mengi kwenye orodha ya Karani kabla ya vyama kukaa na kupunguza. Mashauriano halisi hufanyika nje ya ukumbi, katika mikutano ya miungano ya vyama, ambako mwaniaji mmoja huafikiwa na wengine huombwa wajiondoe. Anayejiondoa hufanya hivyo kwa maandishi kabla ya kura kupigwa. Akibaki mwaniaji mmoja pekee, hutangazwa kuwa amechaguliwa bila kura.

Karani ndiye anayesimamia uchaguzi, kwa kuwa wakati huo hakuna Spika. Kura ni ya siri. Ili ashinde katika duru ya kwanza, mwaniaji anahitaji kuungwa mkono na thuluthi mbili za wabunge wote. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349, ukiondoa Spika mwenyewe, hivyo kiwango hicho ni kura 233. Asipopatikana mtu wa kukifikia, wawili walioongoza hukutana katika duru nyingine, na hapo mwenye kura nyingi ndiye mshindi.

Hesabu hiyo ilionekana waziwazi Septemba 2022. Wetang'ula alipata kura 215 dhidi ya 130 za Marende aliyekuwa akijaribu kurejea. Kura 215 hazikufika 233, na duru ya pili ilihitajika. Marende akakubali kushindwa kabla haijapigwa. Katika Seneti yenye wajumbe 67, ambako thuluthi mbili ni kura 45, Kingi alipita moja kwa moja kwa kura 46.

Naibu Spika, mwenzao halisi

Nafasi ambayo mbunge anaweza kumpa mwenziwe bila kumpokonya kiti ni ile ya Naibu Spika. Huyu lazima awe mbunge. Huongoza vikao Spika asipokuwepo, na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Bunge Zima, mahali ambapo miswada hupitiwa kifungu kwa kifungu. Tangu 2008 wadhifa huo katika Bunge la Kitaifa umeshikwa na Farah Maalim, marehemu Joyce Laboso, Moses Cheboi, na Gladys Shollei aliyechaguliwa mwaka 2022.

Farah Maalim ndiye mfano ulio karibu zaidi na wakazi wa Kaskazini Mashariki. Wakili huyo alikuwa mbunge wa Lagdera, katika eneo la Garissa, kwa tiketi ya chama cha ODM. Bunge la Kumi lilipokutana kwa mara ya kwanza Januari 15, 2008, nchi ilikuwa ikiwaka moto. Matokeo ya urais ya Desemba 2007 yalikuwa yamezua ghasia, mazungumzo ya upatanisho yalikuwa bado hayajashika kasi, na pande mbili zilizokuwa zikigombania Ikulu ziliketi zikitazamana ndani ya ukumbi mmoja. ODM ilikuwa na wabunge 99, ilhali PNU ya Rais Mwai Kibaki ilikuwa na 43 na ilitegemea vyama vidogo.

Kura ya Spika ikawa kipimo cha kwanza cha nguvu za pande hizo. Wabunge walibishana kwa saa nyingi kuhusu usiri wa kura, upande wa ODM ukihofu kuwa usiri ungetoa mwanya kwa wabunge kununuliwa. Ilipofika duru ya tatu, Marende alipata kura 105 dhidi ya 101 za Francis ole Kaparo, aliyekuwa ameshika kiti hicho tangu 1993. Usiku huohuo Farah Maalim akachaguliwa Naibu Spika.

Kwa eneo ambalo kwa miongo kadhaa lilikuwa likitawaliwa kwa sheria za dharura, kumwona mwana wake akiongoza Bunge la taifa lilikuwa jambo la kujivunia. Farah Maalim alikitumikia kiti hicho hadi 2013. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2022, alirudi bungeni kama mbunge wa Dadaab kwa tiketi ya Wiper. Muungano wa Azimio ukawapendekeza tena Marende na yeye, jozi ileile ya 2008, lakini hesabu za ukumbi zilikuwa zimebadilika na wote wawili wakashindwa. Majina yalikuwa yaleyale na sifa zilikuwa zilezile. Kilichopungua ni idadi ya waliokuwa tayari kuyaunga mkono.

Kiti kinaamua nani asikike

Uzito wa kiti hiki hudhihirika zaidi siku za misukosuko. Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, alichaguliwa Naibu Spika mwaka 1975. Oktoba mwaka huo, mbunge Martin Shikuku alidai bungeni kuwa kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, Seroney aliamua kutoka kitini kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Hawakuachiliwa hadi Desemba 1978, baada ya kifo cha Rais Jomo Kenyatta.

Watu wa Wajir wana kumbukumbu yao wenyewe ya thamani ya kupewa nafasi ya kusema. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa jamii ya Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa. Serikali ilitangaza kwanza kuwa waliofariki ni 57, idadi ambayo manusura waliikataa katakata. Ahmed Khalif, aliyekuwa mbunge wa Wajir Magharibi, ndiye aliyesimama bungeni mwaka huo kulieleza taifa yaliyotokea. Khalif alifariki katika ajali ya ndege huko Busia Januari 2003, muda mfupi baada ya kuteuliwa waziri. Mbunge anaweza kuwa na ukweli wote mfukoni. Asipopewa nafasi na aliye kitini, ukweli huo hauingii katika kumbukumbu rasmi za Bunge.

Marende naye alionyesha Aprili 2009 kuwa kiti kinaweza kuzuia mgongano. Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga walipoleta majina mawili tofauti kwa nafasi ya kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, Spika alikataa kuwachagulia. Yeye mwenyewe akashika kwa muda uenyekiti wa kamati ya kuratibu shughuli za Bunge, na kazi zikaendelea.

Bunge la Kaunti ya Wajir

Kaunti ya Wajir ina maeneo bunge sita, ambayo ni Wajir Kaskazini, Wajir Mashariki, Tarbaj, Wajir Magharibi, Eldas na Wajir Kusini. Wadi zake ni 30. Madiwani 30 wanaochaguliwa huongezewa wale wa kuteuliwa, kulingana na masharti ya usawa wa kijinsia na uwakilishi wa makundi yaliyotengwa, hivyo idadi yao hubadilika baada ya kila uchaguzi. Mwaka 2021 walikuwa 47.

Kuna jamii kubwa za Degodia, Ajuran na Ogaden katika kaunti hii, kila moja ikiwa na koo zake. Kabla ya uchaguzi, wazee huketi kujadili ugawaji wa vyeo katika utaratibu uliokuja kujulikana kama demokrasia ya maafikiano. Kwa kuwa nafasi za gavana, naibu wake na seneta ni chache, wadhifa wa Spika mara nyingi huingia katika hesabu hizo. Sharti la Katiba kwamba Spika asiwe diwani hurahisisha mazungumzo, kwa sababu anaweza kutafutwa mtu kutoka jamii iliyokosa nafasi kwingineko bila kuathiri wadi yoyote.

Hata hivyo, maafikiano ya wazee hayana nguvu ya kisheria ndani ya ukumbi. Diwani hupiga kura yake kwa siri, na hakuna mzee anayeweza kuichungulia. Wanaoyasifu maafikiano husema yamepunguza umwagaji damu. Wanaoyakosoa husema yanawafungia nje vijana, wanawake na koo ndogo, ambao hawana kiti barazani. Kura ya siri huwapa wote hao nafasi ndogo ya kusema lao.

Kinachoshindaniwa si heshima tu. Kifungu cha 182 cha Katiba kinasema kuwa nafasi za gavana na naibu wake zikiwa wazi kwa wakati mmoja, Spika wa bunge la kaunti hukaimu ugavana, na uchaguzi hufanyika katika muda wa siku 60. Jambo hilo lilitokea Nairobi Desemba 2020, baada ya Gavana Mike Sonko kuondolewa akiwa hana naibu. Benson Mutura, aliyekuwa amechaguliwa Spika miezi minne tu kabla, akaapishwa kukaimu. Madiwani waliompigia kura Agosti walikuwa, bila kujua, wamemchagua msimamizi wa jiji kuu.

Wajir nayo ilipita karibu na hapo. Aprili 2021 madiwani 37 kati ya 47 walipiga kura ya kumwondoa Gavana Mohamed Abdi Mahamud, na Mei 17 Seneti ikaunga mkono uamuzi huo. Kwa kuwa kaunti ilikuwa na naibu gavana, Ahmed Ali Muktar ndiye aliyeapishwa, na mzozo ukaendelea mahakamani. Katika mchakato kama huo, Spika wa kaunti ndiye anayepokea hoja, kusimamia kikao na kumwarifu Spika wa Seneti katika muda wa siku mbili. Hatua moja ikienda kombo, kesi nzima huweza kuporomoka.

Kumtoa ni vigumu kuliko kumweka

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaeleza namna Spika wa kaunti anavyoweza kuondolewa. Ilani ya hoja lazima itiwe sahihi na angalau thuluthi moja ya madiwani wote, itaje sababu, na Spika apewe nafasi ya kujitetea. Hoja yenyewe hupita ikiungwa mkono na asilimia 75 ya madiwani wote. Katika bunge lenye wajumbe 47 kama la Wajir mwaka 2021, hiyo ni sahihi 16 za ilani na kura 36 za kumwondoa. Bungeni Nairobi kiwango cha kumwondoa Spika ni thuluthi mbili.

Viwango hivyo vimewekwa juu makusudi, ili Spika asiishi kwa hofu ya kila uamuzi anaoutoa, lakini havimpi kinga kamili. Mei 2020 maseneta 54 walipiga kura kumwondoa Kithure Kindiki katika unaibu spika wa Seneti, baada ya chama chake kusema kuwa kimepoteza imani naye. Margaret Kamar akachaguliwa kushika nafasi yake. Wengi wa waliomwondoa walikuwa ndio waliompa nafasi hiyo miaka mitatu kabla.

Nchi nyingine hufanyaje

Nchini Uganda, Spika na naibu wake huchaguliwa miongoni mwa wabunge, na Spika hubaki kuwa mbunge wa eneo lake. Tanzania inaruhusu njia zote mbili. Spika anaweza kuwa mbunge au mtu mwenye sifa za kuwa mbunge. Job Ndugai alipojiuzulu Januari 2022, aliyechukua nafasi yake mwezi uliofuata ni Tulia Ackson, aliyekuwa naibu wake.

Uingereza imechagua njia tofauti na ya Kenya. Fomu ya anayewania uspika wa Bunge la Makabwela hutiwa sahihi na wabunge wasiopungua 12 na wasiozidi 15, na angalau watatu kati yao lazima watoke katika vyama vingine visivyo chake. Akishinda, huacha chama lakini hubaki na eneo lake la uwakilishi. Kenya inatafuta kutopendelea kwa kumtoa Spika nje ya orodha ya wabunge, wakati Uingereza inakutafuta kwa kumtaka apate waungaji mkono kutoka upande wa pili tangu siku ya kwanza.

Tofauti hiyo ina somo kwa mabunge ya kaunti. Katiba inamwondolea Spika kiti cha uwakilishi, na humnyima kura ndani ya ukumbi wa Bunge, ambako kura zikilingana hoja huhesabiwa kuwa imeshindwa. Haina uwezo wa kumwondolea deni kwa waliomweka. Mtu aliyepita kwa kura za upande mmoja, au kwa maafikiano ya koo chache, huingia kitini akijua majina ya wanaomdai, na wasiompigia kura huyajua pia.

Diwani wa Wajir anayeshika kalamu ili kutia sahihi fomu ya mwaniaji, kwa hiyo, ana swali la kujiuliza zaidi ya lile la ukoo na chama. Siku gavana atakapoletewa hoja ya kuondolewa, siku bajeti ya maji itakapozua ubishi kati ya wadi na wadi, au siku diwani wa upande mdogo atakaposimama na habari ambayo wakubwa hawataki isikike, je, mtu huyu atampa nafasi? Jibu la swali hilo halipatikani katika fomu ya Karani, na baada ya kura kuhesabiwa huhitaji asilimia 75 kulirekebisha.